Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka: Uoto wa Maweni

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum. Ya fedha atayasema mshika fedha; mimi nabaki kwenye ramani.

Wapo wanaouliza kwa nini maweni ya kusini Unguja, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye vichaka, tunayapima kwa mbinu za nchi kame, ilhali mvua yetu inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Jibu liko chini ya miguu. Udongo umo kwenye mashimo ya mawe tu, maji hupenya mara moja, na mvua ikikata wiki chache kichaka huwa kama cha nyika.

Ramani ya mwanzo ilionesha maweni karibu yote yamenyauka tangu 2021. Haikuwa kweli. Picha za setelaiti ya Sentinel-2, tunazochorea ramani, zinazotayarishwa kuanzia 25 Januari 2022 huongezewa 1,000 kwenye kila thamani ya mwanga. Usipoitoa kabla ya hesabu ya NDVI, kipimo cha ukijani (infraredi kutoa nyekundu, kugawa kwa jumla yake), kijani kinashuka chenyewe: mwanga mwekundu 800 na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, 3,000 hutoa 0.58, lakini 1,800 na 4,000 hutoa 0.38. Kichaka ni kilekile. Sasa tunatoa 1,000 kwanza, halafu tunagawa kwa 10,000. Na kugawa huko si urembo: SAVI, kipimo cha ukijani kinachopunguza athari ya ardhi tupu, tunayoitumia kwa ajili ya mawe meupe, ina 0.5 ndani ya hesabu yake, na 0.5 mbele ya maelfu haina kazi yoyote.

Mawe nayo yana hila. Makavu hung'aa, yakirowa huwa meusi, na NDVI hupanda bila ya jani kuongezeka. Kwa hiyo picha za masika na vuli tumeziacha. Tunalinganisha Februari na Februari, majani ya chini yakishakauka, ili kinachobaki kijani kiwe miti na vichaka. Kivuli cha wingu hufanana na mahali palipofyekwa. Tunakifuta pamoja na wingu lenyewe.

Kuna uharibifu ambao setelaiti haiuoni. Mkata kuni za tanuri la chokaa huchagua miti minene, mingine akaiacha. Visiki vinachipua na pikseli, yaani kiraba kimoja cha picha, ya mita 10 inabaki kijani. Mivinje ya kupandwa nayo ni kijani, lakini si msitu wa asili uliorudi. Hapo lazima mtu aende kwa miguu: achague kipande cha mita 30 kwa 30 chenye uoto wa aina moja, asimame katikati, angoje simu ioneshe kosa la mahali lisilozidi mita 5, apige picha pande nne akianzia kaskazini, kisha ahesabu visiki, vibichi mbali na vilivyochipua mbali.

Pointi nyingi za vipimo hivyo zilizoletwa zilipimwa ukingoni mwa barabara. Ni rahisi kufika, lakini pikseli hiyo nusu ni kichaka, nusu ni lami, na ukingoni ndipo wakataji wanapoanzia. Zote zitarudiwa Februari, ndani angalau mita 100 kutoka barabarani. Viatu viwe vya soli ngumu, mawe ya huko yanakata, na simu ichajiwe tangu usiku.