Heri ya Noeli, na samahani kwa mdoli asiye na shingo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu, jamaa na marafiki.

Kwa niaba ya familia yetu, ya hapa Dar es Salaam na ya nyumbani Rombo, nawatakia nyote heri ya Noeli na Mwaka Mpya wenye amani, afya na baraka tele. Mungu aliyetuvusha hadi Majilio haya atuvushe na Januari, ambayo sote tunajua ina siku tisini.

Najua nimechelewa. Miaka yote salamu hizi aliziandika kaka yetu mkubwa, zikaingia kwenye simu zenu mapema, na picha ya pango juu yake. Mwaka huu hayupo. Tulimlaza kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, na kazi ya salamu imeniangukia mimi niliyemfuata kuzaliwa. Sina maneno yake. Yeye aliweza kuandika "neema" mara tatu kwenye sentensi moja na bado ikapendeza.

Mwaka wenyewe umekuwa mgumu, hilo halihitaji miwani kuliona. Mchele tunaupima kwa macho kabla ya kuupima kwa kilo. Mafuta ya kupikia tumerudi kununua ya kupima, kibaba kwa kibaba, kama tulivyokuwa watoto. Nauli za kwenda nyumbani ndizo zile zile za Desemba, kila mmoja anazijua na kila mmoja anazilalamikia akiwa tayari ameshika tiketi. Hapa kwenye duka langu la stesheneri watu wananunua karatasi moja moja. Lakini nikiwaambia kwamba kilichotuumiza ni bei, nitakuwa nimewadanganya.

Wanaotufahamu wanakumbuka kaka alivyokuwa anashuka kwenye basi pale Mkuu, Rombo, tarehe 23 Desemba. Kondakta anafungua buti, na mizigo inayotoka unadhani ni ya basi zima. Nguo za watoto wote, za wake na za waume. Viatu vya Mama. Redio ya babu mdogo. Mwaka juzi alinipa simu, hii ninayoandikia sasa. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuchungulia, halafu mbele ya watoto wote nikamtania: "Kaka, mwaka ujao usije mikono mitupu hivi, lete na friji." Akacheka sana. Mwaka uliofuata akaleta friji.

Iko sebuleni kwa Mama mpaka leo. Mama haiwashi, anasema inakula umeme wa luku. Ndani ameweka sahani za wageni.

Siku ya sita baada ya mazishi, tukiwa bado tunakunja maturubai, ujumbe uliingia kwenye simu ya wifi. Ukaja kwangu, ukaenda kwa mdogo wetu wa Arusha, ukafika hadi kwa katekista, maana namba yake nayo ilikuwemo kwenye simu ya marehemu. "Mwambie ndugu yako alipe deni." Jina lake, picha ya kitambulisho chake, na kiasi. Hatukujibu kwa sababu hatukujua mtu anajibu nini hapo.

Wifi akaleta daftari. Kaka alikuwa mtu wa mahesabu, aliandika kila kitu kwa peni nyekundu na bluu. Kila Desemba, miaka mitano mfululizo, alikopa. Laki sita. Laki nane. Desemba ya friji, milioni moja na laki mbili, kwa watu watatu tofauti, na wa tatu alikopwa ili kuwatuliza wawili wa kwanza. Ndiyo ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu yenyewe. Ukifuata mistari unamwona: deni la Noeli analimaliza Agosti, Septemba na Oktoba anapumua, Novemba anaanza kuulizia tena. Friji ilikuwa na marejesho saba mbele yake alipofariki. Na utani ulikuwa wangu.

Sijawahi kuyasema haya kwa sauti. Kuandika kumekuwa rahisi kidogo.

Kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Nimesikia somo hilo tangu utotoni na halikunigusa zaidi ya somo lingine lolote. Mwaka huu liliposomwa nilitoka nje. Wajane wale walikuwa na kanzu za kushika mkononi, sisi tulikuwa na ujumbe wa mdai.

Siku ya arobaini, baada ya misa na chakula, Mama alisimama. Mnamjua, si mtu wa hotuba. Alisema hivi tu: "Noeli ijayo mtu asiniletee kitu chenye risiti." Akakaa, akaomba apewe maji.

Basi ndiyo sheria ya nyumba yetu mwaka huu. Kila zawadi itoke mikononi mwa mtoaji. Ukinunua, ununue uzi, sindano, chumvi, gundi. Wajanja wa familia wameshauliza kama mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inahesabika. Inahesabika, lakini ulezi uanike mwenyewe.

Nami ndiyo nimejua kwamba mikono yangu ni mizito. Tangu Oktoba nashona midoli ya vitambaa kwa watoto wa marehemu na wa mdogo wetu. Fundi cherehani jirani na duka ananiwekea mabaki ya vitenge kwenye kiroba. Nikifika jioni ananiuliza kama leo nimekuja kununua au kuzoa taka. Ndani nimejaza sufi ya mito iliyochanika. Kiwiliwili kinakaa, mikono inakaa, tatizo ni shingo. Ukijaza sufi kidogo kichwa kinaanguka kifuani kama abiria aliyesinzia kwenye daladala la Gongo la Mboto. Ukijaza nyingi mshono unafumuka. Mdoli wa kwanza nilimfumua mara nne. Dawa niliipata dukani: peni iliyokwisha wino. Unatoa mrija wa ndani, unalifunga lile ganda kwa kitambaa duru mbili tatu, unalipitisha kutoka kichwani hadi kifuani kabla ya kushona mgongo. Sasa midoli yangu imenyooka kama polisi wa gwaride. Wa kwanza nimemwacha vile vile na shingo yake ya usingizi, na atakayempata namwomba radhi mapema.

Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na amejipa kiwanda cha magari. Waya kaokota kwa fundi wa madirisha, bodi ni dumu la mafuta lililokatwa, na magurudumu kayachonga kwenye ndala. Yamekuwa mazuri, mviringo kabisa, kayasugua kwenye sakafu ya nje mpaka yakalingana. Ndala zilikuwa zangu na hazikuwa zimechakaa. Nimemsamehe kwa sababu ya msimu.

Kwa watu wazima tumetengeneza achari. Huu ndio wakati wake, maembe yamejaa mpaka wauzaji wanakuita shangazi wakuongezee. Tunachagua mabichi magumu, tunakata na ganda lake, tunapaka chumvi na manjano, tunaanika juani siku mbili hadi vipande vijikunje kingo. Halafu kitunguu saumu, pilipili kichaa, masala, siki, na mafuta yaliyochemka yakapoa. Awamu ya kwanza chupa sita zote ziliota ukungu mweupe. Nilikuwa nimezichemsha vizuri, nikawa na haraka, nikajaza zikiwa bado na unyevunyevu. Maji ni adui wa achari. Sasa nachemsha chupa, naziinamisha kwenye kitambaa safi, nalala, ndipo asubuhi najaza. Na mafuta yafunike embe juu kabisa. Kipande kikichungulia ndicho kinachoanza kuoza.

Mawifi watapata sabuni ya maji, tuliyoikoroga na kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, parokiani, ndoo ya lita 20. Mwalimu wetu hataki mtu abadilishe upande wa kukoroga. Ukianza kulia ni kulia mpaka mwisho, na ukimuuliza sababu anakutazama kama uliyeuliza Utatu Mtakatifu. Ile salfoniki, tindikali ya kutengenezea sabuni, inaunguza ngozi, kwa hiyo watoto walikaa mbali. Povu linaachwa lilale usiku kucha, asubuhi unajaza kwenye chupa za maji zilizooshwa.

Karatasi za kufungia ni kalenda za miaka iliyopita, zile zile tunazofunikia madaftari. Angalizo moja tu: kalenda ya jimbo upande wenye picha ya askofu uwe ndani. Ukiuacha nje Mama hatafungua zawadi yake, ataitundika ukutani.

Sasa niruhusuni niseme, kwa kuwa mwenye kusema hayupo.

Ndugu zangu, tumekuwa watu wa kutazama mikono ya anayeshuka kwenye basi kabla ya kutazama uso wake. Sisi tulioko mjini tunaogopa kwenda nyumbani bila mzigo, kana kwamba kuna afisa wa forodha pale Himo, njiani kwenda Rombo. Na ninyi mnaotusubiri, msikasirike, lakini zile sauti za "mwaka huu umeniletea nini" ndizo zinazompeleka mtu kwa mkopeshaji usiku. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Tumeusoma mstari huo kwenye jumuiya mara ngapi, kisha tukafunga kwa sala na kwenda kujaza fomu? Siku hizi hata fomu hakuna, ni kubonyeza simu tu, na simu inakabidhi majina ya ukoo mzima. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Tuliisoma orodha ile pamoja na kaka, tukiwa tumekaa kibarazani kwake, tukacheka majina. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Mtaniambia mamajusi walileta dhahabu. Walileta, ni kweli, lakini Maandiko hayasemi mahali popote kwamba walikopa. Mtoto mwenyewe alivikwa nguo za kitoto akalazwa katika hori ya kulia ng'ombe, na malaika hawakusubiri apate kitanda ndipo waimbe. Mtume Paulo anasema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Moyo gani wa ukunjufu una marejesho kila Ijumaa? Wazazi, tuwafundishe watoto kushika sindano, wa kike na wa kiume. Wanaume, mkija na kigoda mlichochonga wenyewe hakuna atakayewacheka, na atakayecheka mpeni akikalie. Tunaopokea, tujifunze kuuliza. Mtu akikuletea kitu kikubwa kuliko mshahara wake, mvute pembeni, mwambie, "Kaka, umekipataje hiki?" Hata kama atakasirika. Mimi niliambiwa kila kitu na ile buti ya basi, kwa miaka mitano, nikapiga vigelegele.

Naona nimekuwa padre. Mnisamehe.

Tunaondoka kituo cha mabasi cha Mbezi tarehe 21 alfajiri. Mdogo wetu wa Arusha atatangulia, amechonga msalaba wa kaburi la kaka kutoka mti wa mringaringa alioupanda Baba, jina ameliandika kwa patasi na herufi moja imekaa upande kidogo. Amekataa kuirudia. Tutausimika mkesha wa Noeli mchana, kabla watu hawajaanza kuwaza mbuzi, ili usiku tuende misa mikono ikiwa imeshanawa. Kaburi bado ni udongo. Kusakafia tutasakafia wenyewe, mchanga upo.

Kwa wote waliotusitiri mwaka huu, kwa michango, sala, sufuria na maturubai, Mungu awalipe pasipo kupungua. Wagonjwa wapate nafuu. Waliofiwa wafarijiwe. Wanaosafiri wafike salama, madereva waheshimu ile milima ya Same. Ndugu zetu walioko mbali, Oman, Marekani na kwingineko, tunawakumbuka mezani. Mwaka Mpya utukute tukiwa wazima na pamoja.

Midoli mitatu imekamilika, wa nne bado hana mguu wa kulia. Achari imenizidi, imebaki nusu ndoo na chupa zimeisha. Mwenye chupa tupu za jemu au asali, zenye vifuniko vyake, naomba anipitishie hapa dukani Tabata kabla ya Jumamosi. Zikauke vizuri.

Heri ya Noeli.