Kwa mzee wa bolti, pale Kunduchi

Mzee wangu, shikamoo. Jina sikukuuliza, nawe hukusubiri hata soda. Mimi ni yule kijana wa boti ndogo ya tanga uliyemkuta ufukweni akihangaika na drili, Jumamosi ile ya kusi kali.

Nilitaka niweze kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi peke yangu. Shida ilikuwa henza, ile kamba ya kupandishia na kushushia tanga: ilifungwa pale chini ya mlingoti, kwa hiyo kila nikitaka kushusha tanga lazima niache kana, yaani mpini wa usukani, na boti igeuke inavyotaka. Ukatazama, ukacheka (nilistahili), ukasema kapi moja, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, ikae mguuni pa mlingoti, henza ilale juu ya sitaha hadi nyuma nilipokaa.

Nami kapi nilikuwa naikaza kwa skrubu za mbao! Ukazing'oa zote. Ukatoboa sitaha hadi chini, ukapitisha bolti zisizoshika kutu, na kwa ndani ukaweka kipande cha mninga ili mvuto usambae, usipasue ubao. Matundu ukayapaka silikoni. Demani, ile kamba ya kuvuta na kulegeza tanga, ukanikataza kuipiga fundo. Ishikwe na kishikizo chenye meno, niinyanyue tu iachie.

Wiki iliyofuata upepo ulinibadilikia karibu na Mbudya. Mkono mmoja kwenye kana, mwingine nikaachia demani, kisha henza. Tanga likashuka nimekaa vilevile.

Ahsante sana, mzee. Zile bolti mbili ulizotoa mfukoni mwako bado unanidai. Jumamosi asubuhi huwa nipo palepale.