Mmetaja tani za Dak Lak, wenye ardhi hamkuwataja

Mhariri,

Makala yenu ya kutuhimiza wakulima wa Kilimanjaro tuige mkoa wa Dak Lak, Vietnam, nimeisoma mara mbili. Mmesifu wingi wa kahawa yao. Sawa. Ila ile ni robusta, nyingi hunyweshwa kwa pampu wakati wa kiangazi, na maji ya chini ya ardhi yamekuwa yakipungua. Sisi huku ni arabika chini ya migomba, maji ni ya mfongo, mfereji wa asili utokao mlimani. Hapo hakuna cha kuiga.

Cha kuiga ni kingine, nanyi mmekiruka. Wenyeji wa pale, karibu na mji wa Buon Ma Thuot, ni Waede. Kwao ukoo hufuata mama. Ndugu wa binti ndio wanaopeleka posa, na mume huhamia kwa mke. Nyumba yao ya jadi ni ndefu, ya mbao na mianzi, imeinuliwa juu ya nguzo. Binti akipata mume, nyumba huongezwa urefu wapate chumba. Ngazi ya kupandia imechongwa matiti mawili na mwezi mwandamo, asiyejua ajue mwenye nyumba ni nani. Sisemi wako peponi: wahamiaji kutoka mabondeni walipojaa baada ya vita ya 1975, na kahawa ilipopamba moto baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986, Waede walipoteza ardhi nyingi.

Sasa njooni Kibosho. Nachuma mimi, nakoboa mimi, naosha na kuanika mimi. Mume wangu alishafariki, lakini kadi ya chama cha msingi cha ushirika, kinachouza kahawa yetu, bado ina jina lake. Msimu uliopita malipo ya pili yakaingia kwenye akaunti ya shemeji yangu, eti ndiye msimamizi wa kihamba, shamba la ukoo. Nilipouliza, karani akaniambia, "Mama, mkayamalize nyumbani." Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Iko kabatini, nadhani.

Mtumeni mwandishi wenu aombe daftari la wanachama wa vyama vya huku mlimani, ahesabu majina ya wanawake, kisha ahesabu wanaobeba ndoo za kahawa. Ayachapishe yote mawili ukurasa mmoja.

Mjane na mkulima,
Kibosho, Moshi