Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mashirika Yakiungana, Nambari ya Rubani Inakwenda Wapi?

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha marubani. Mambo ya kawaida nayapitia haraka kwa kuwa yamo kwenye makabrasha mliyopewa. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Tumepokea wanachama wapya, wengi wao marubani wasaidizi walioanza kazi Nairobi, Dar es Salaam na nchi za Ghuba. Mfuko wa rambirambi umefika kila ulipohitajika, na makatibu wa matawi wanastahili shukrani kwa hilo.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo lililotawala vikao vyetu karibu vyote: shirika langu likiunganishwa na jingine, mimi nitakuwa nani?

Swali hili halikutoka hewani. Septemba 2024 Alaska Airlines ilikamilisha kuichukua Hawaiian. Desemba mwaka huohuo Korean Air ikakamilisha kuinunua Asiana, na Januari 2025 Lufthansa ikaingia ITA ya Italia kwa asilimia 41 za hisa. Huku kwetu, Kenya Airways na South African Airways zilitia saini makubaliano ya ushirikiano Novemba 2021, mbele ya marais wa nchi zote mbili, kukiwa na nia ya kufika kwenye shirika la Afrika nzima. Shirika hilo halijazaliwa, lakini tangu siku ile wanachama wetu wamekuwa wakiulizana. Ndiyo maana kamati ikaamua kuchunguza yaliyowapata wenzetu waliotangulia, hasa Marekani ambako mashirika yameungana mara nyingi na kumbukumbu zipo.

Kwa wanachama wanafunzi nieleze kidogo. Rubani wa shirika kubwa ana nambari kwenye orodha ya ukongwe kazini, ile tunayoiita sinioriti. Kwa kawaida inafuata tarehe ya kuajiriwa. Nambari hiyo ndiyo inayoamua utaruka ndege gani, utakaa kituo gani, lini utahamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, likizo yako itaangukia Desemba au Februari, na kazi zikipungua, nani ataanza kurudishwa nyumbani. Saa za urukaji unaondoka nazo, nambari huondoki nayo. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine kwa hiari yake, kwa kawaida anaanzia mkiani.

Sasa mchukueni rubani aliye nambari 300 katika orodha ya watu 600. Shirika lake linaungana na lenye marubani 1,200. Orodha ikipangwa kwa uwiano, atakuwa kama nambari 900 kati ya 1,800, yaani bado yuko katikati. Ikipangwa kwa tarehe za ajira, na wengi wa upande wa pili wakawa wakongwe kuliko yeye, anaweza kuangukia 1,400. Wakibandikwa wote chini ya rubani wa mwisho wa upande wa pili, anakuwa nambari 1,500. Leseni yake haikubadilika na ujuzi wake haukupungua, ila miaka kumi ijayo ya maisha yake imeandikwa upya na watu ambao huenda hajawahi kuwaona.

Hiyo ya kubandikwa mkiani si mfano wa kubuni. Aprili 2001 American Airlines ilinunua mali za TWA, shirika jingine la ndege la Marekani lililokuwa limefilisika. Ili mauzo yapite, marubani wa TWA walishinikizwa kuachia kifungu cha mkataba wao kilichowahakikishia utaratibu wa haki wa kuunganisha orodha, wakakiachia. Kati ya marubani wapatao 2,300, zaidi ya 1,000 wakawekwa chini kabisa. Miezi michache baadaye ikaja Septemba 11, na panga la kupunguza wafanyakazi likaanzia kule chini walikokuwa. Waliobaki walikuwa na kinga fulani kwenye kituo chao cha St. Louis, nacho kikapunguziwa safari mwaka 2003. Kilio chao ndicho kilichowasukuma maseneta wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, kupitisha sheria mwishoni mwa 2007: orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na pande zikishindwa kuelewana, aitwe mwamuzi asiyeegemea upande. Kwa watu wa TWA sheria ilikuwa imechelewa.

Kisa kilichotuchukulia muda mwingi zaidi ni cha US Airways na America West, walioungana Septemba 2005. Naomba nikae hapa, maana hapa hakuna mtu mbaya wa kumnyooshea kidole. US Airways ilikuwa na marubani wa miaka mingi, lakini ilikuwa imefilisika mara mbili na wengi wao walikuwa wamesimamishwa kazi. America West ilikuwa na vijana, tena wote wakiwa kazini. Wazee walisema: tarehe ya ajira ni tarehe ya ajira. Vijana wakasema: sisi ndio tulioleta uhai kwenye muungano huu, hatuwezi kupisha watu ambao hawakuwa na kazi. Wote walikuwa na hoja.

Mwamuzi George Nicolau alitoa uamuzi Mei 2007. Marubani 517 wa US Airways wakawekwa juu kabisa kwa sababu ya ndege kubwa za masafa marefu zilizokuwa za shirika lao, waliobaki kazini wakachanganywa kwa uwiano, na waliosimamishwa wakaenda mwisho. Matokeo yake, mtu aliyetumikia US Airways zaidi ya miaka 15 akajikuta ubavuni mwa kijana aliyeajiriwa America West miezi michache kabla ya muungano. Jiwekeni katika nafasi ya yule mzee. Kisha mjiweke katika nafasi ya yule kijana, ambaye alikubali mwamuzi, akangoja uamuzi, na sasa anaambiwa hautatekelezwa.

Maana haukutekelezwa. Marubani wa upande wa mashariki, yaani wale wa US Airways ya zamani, walikuwa wengi zaidi, na mwaka 2008 kura zao zikakiondoa ALPA, chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikiwawakilisha marubani, na kuweka chama kipya, USAPA, kilichoahidi kufuata tarehe za ajira. Kesi zikapanda na kushuka mahakamani. Bila orodha moja hapakuwa na mkataba mmoja, na bila mkataba mmoja marubani wa mashariki waliendelea kwa miaka kulipwa mishahara iliyokatwa wakati wa ufilisi. Mpaka US Airways inaungana na American, Desemba 2013, marubani wake walikuwa bado makundi mawili ndani ya shirika moja. Orodha moja ya wote ilitoka Septemba 2016, miaka 11 baada ya muungano wa kwanza. Kuna watu walistaafu wakiingoja.

Sasa tazameni Delta na Northwest. Muungano wao ulitangazwa Aprili 2008. Kabla haujakamilika Oktoba, marubani wa pande zote mbili walikuwa tayari na mkataba mmoja wenye nyongeza ya mishahara na hisa za shirika jipya. Orodha hawakuelewana, wakaenda kwa waamuzi, na kufikia Desemba mwaka huohuo ilikuwa imetoka. Wapo walionung'unika, lakini kila mmoja alijua amesimama wapi. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni kwamba walikaa mezani kabla ya ndoa, wakati mwajiri bado anawahitaji, wakatanguliza mkataba uliompa kila mtu kitu mkononi.

Air France na KLM walichukua njia nyingine mwaka 2004: kundi moja, mashirika mawili, orodha mbili. Hapo ugomvi wa nambari haupo, unahamia kwenye swali la safari mpya zinapewa nani. Mgomo wa wiki mbili wa marubani wa Air France, Septemba 2014, ulihusu upanuzi wa Transavia, shirika la nauli nafuu la kundi hilohilo.

Sisi Afrika Mashariki tunaijua zaidi habari ya kutengana. East African Airways, iliyoanza 1946, ilikufa 1977 pamoja na Jumuiya, na wastaafu wa Jumuiya hapa Tanzania walizifuatilia haki zao kwa miaka mingi, mahakamani na barabarani. Mwajiri akibadilika umbo, asiye na karatasi hana pa kuanzia.

Wala si mashirika makubwa tu. Mwanachama wetu mmoja alikuwa akirusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwa kampuni ndogo iliyonunuliwa na nyingine. Jumatatu aliitwa ofisini akapewa barua ya ajira yenye tarehe ya siku ile, mshahara wa kuanzia na miezi mitatu ya majaribio. Mchana akarusha ndege ileile aliyoirusha Ijumaa, kwenda kiwanja kilekile. Alipotaka kudai miaka yake, barua ya kwanza ya ajira hakuiona nyumbani, na kampuni mpya ikasema mafaili ya zamani hayapo. Tumempatia wakili, na shauri linaendelea. Nasema wazi kwamba lilinikera, maana kijana huyu hakuomba upendeleo wowote.

Chama chetu si chama cha wafanyakazi na hakina mamlaka ya kujadiliana na mwajiri yeyote. Lakini wengi wenu mna kadi za vyama hivyo, na wengine mmo kwenye kamati za majadiliano. Kamati tendaji inaleta maazimio matatu mkutanoni.

Kwanza, kila mwanachama ashinikize ndani ya chama chake kiingizwe kifungu cha muungano kwenye mkataba wa hali bora za kazi, sasa wakati hakuna muungano mezani. Kifungu kitaje mwamuzi huru, kiweke muda wa mwisho wa kutoa orodha, na kieleze kwamba uamuzi wake ni wa mwisho. Wajumbe wawili wa kamati walitaka pia tutamke kanuni ya tarehe ya ajira. Mimi na wengine tulipinga, kwa sababu ya yale ya US Airways: kanuni inayomwokoa mkongwe wa Nairobi inaweza kumzika kijana wa Dar es Salaam, na wote ni wanachama wetu. Mjadala huo nauacha kwenu.

Pili, katibu aanzishe masjala ya nakala: barua ya ajira, barua ya kupandishwa cheo, na kurasa za daftari la saa zilizogongwa mhuri. Nakala zihifadhiwe nje ya ofisi ya mwajiri.

Tatu, sehemu ya akiba itengwe kwa ajili ya kulipia mitihani ya simuleta, mashine inayoigiza urukaji wa ndege, ya wanachama waliopunguzwa kazi, ili sifa zao za kuruka zisiishe wakiwa bado wanatafuta ajira. Mweka hazina ana makadirio, na atayasoma kabla ya kura.

Mwenyekiti