Barua kwa Mama Salma, Malaba

Mtwapa, Machi 2025

Kwako Mama Salma,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila joto la Mtwapa unalijua.

Ujumbe wako wa sauti umenitia wasiwasi. Mpira wa kondomu ulipasuka Ijumaa ukiwa na mteja, wewe ukaona haya ukangoja hadi Jumatatu? PEP, zile dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ukichelewa nguvu yake hupungua; ukishaanza unameza siku 28 bila kuruka. Na yale mafuta ya nazi uliyopaka ndiyo yaliyouharibu mpira. Mafuta yoyote huulegeza, hata Vaseline. Omba jeli ya maji. Siku ukipigwa au kubakwa, Mungu apishe mbali, nenda hospitali kwanza, polisi baadaye. Matibabu hayangoji taarifa ya polisi, na daktari atakujazia fomu ya PRC, ile ya waliobakwa.

Kujisafisha ukeni kwa shabu, lile jiwe la kukaza, na ndimu uache, shoga yangu, wateja wadai watakavyo. Hapa Mombasa watafiti walifuatilia wanawake wa kazi yetu hii ya kuuza ngono kwa miaka, wakaona wanaojisafisha ndani, hasa kwa sabuni, hupata VVU zaidi. Pale ndani panachubuka, na bakteria wanaotulinda wanaondoka.

Sasa nikwambie linaloniudhi. Kule Majengo, Nairobi, wanawake kama sisi wamekuwa wakitoa damu kwa wanasayansi wanaochunguza VVU tangu 1985. Dunia imefaidika nao. Lakini ukiingia kliniki, bado wanakuona kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Nani amewahi kukuuliza usingizi wako? Mgongo je? Tangu niwe mwelimishaji rika, nikikaa na wenzetu VVU si jambo la kwanza kutajwa. Wanataja mkojo unaochoma, maana baa haina choo cha maana na mtu anabana usiku kucha. Wanataja bia wanazokunywa bila kutaka ili mteja asiondoke. Wanataja kipigo, halafu askari anayekuta mipira kwenye mkoba na kuifanya ushahidi, basi dada kesho yake anatoka na mpira mmoja tu, au hana kabisa. Mfanyakazi wa kiwandani ana sheria ya 2007 ya usalama na afya kazini, mwajiri akimnyima glavu anashtakiwa. Sisi tukamshtaki nani?

Na mambo yamezidi kuharibika. Marekani iliposimamisha misaada Januari, vituo vya matibabu tulivyovizoea vingi vilifunga. Wenzetu wanaambiwa waende hospitali za kawaida, wakapange foleni na kusemwa. Wengine wameacha kwenda kuchukua PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, nami siwezi kuwalaumu sana.

Ukija mwezi ujao, nitengee siku nzima. Nataka tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi (wanapaka siki tu, dakika chache) na tuulizie chanjo ya homa ya ini B. Nauli ya kurudi nitakuchangia. Usipande basi la usiku, na umletee Salma viatu vya shule, namba ya mguu wake nitakutumia.

Shoga yako,
Tunu