Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Maili 12 za mwaka 1976 zimepotelea wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu za heshima kutoka Vanga, Jimbo, Majoreni na Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya.

KUH: RUHUSA YA MVUVI MDOGO KUVUA MAILI 12 KILA UPANDE WA MPAKA WA BAHARI, KENYA NA TANZANIA

Tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua za bahasha tumeshakuletea, zikagongwa muhuri wa kupokewa, na habari zake zikaishia hapo kwenye muhuri. Juzi chombo kingine kimevutwa na doria kutoka katika mkondo wa Pemba, ile bahari iliyo kati ya Pemba na bara: mabaharia wanne, mashine, wavu wa jarife na kasha la barafu. Mabaharia wamerudi. Vingine havijarudi. Waliokwenda kuuliza wakajibiwa na mtu wa mezani kwamba mpaka ule una mzozo, wasubiri wakubwa wakae.

Hapo, Mheshimiwa, subira ikatutoka. Mpaka huu hauna mzozo.

Wenye mzozo ni ule wa kaskazini, kule Kiunga. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Agosti 2014. Kenya ilitaka mstari uende mashariki moja kwa moja, sambamba na latitudo. Somalia ikataka mstari wa kati. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora wake, ukapita katikati ya madai hayo mawili. Vikao vya Machi mwaka huo Kenya haikuhudhuria, na hilo hatulijadili hapa, wenye sheria wana hesabu zao. Tunachosema ni kwamba kwa mpaka wenye ugomvi palipatikana mawakili, wapimaji na ramani za rangi. Mpaka wenye maelewano haukupata hata karatasi ya kubandika ukutani mwa banda la samaki.

Na maelewano yenyewe hatuyatoi kichwani. Barua ya Kenya ya tarehe 17 Desemba 1975 na jibu la Tanzania la tarehe 9 Julai 1976 ndizo zilizoweka mpaka. Mstari unaanzia Ras Jimbo, unapita katikati hadi nukta A, maili 12 kutoka Ras Jimbo. Kutoka A unajikunja kama upinde kufika B, kisha unapanda kaskazini mashariki kwa maili zipatazo 15 hadi C. Ukifika C ndipo unapogeuka kwenda mashariki moja kwa moja, kwenye nyuzi 4, dakika 40 na sekunde 52 kusini. B na C zilipatikana kwa kuchora duara mbili za maili 12, moja kutoka mnara wa taa wa kisiwa cha Mpunguti ya Juu, upande wetu, na nyingine kutoka mnara wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Duara zinapokatana ndipo nukta zilipo. Mwaka 2009 nchi hizi mbili zikatia saini mkataba wa kuuendeleza mstari huohuo hadi kwenye ukanda wa kiuchumi wa bahari. Hakuna aliyemnunia mwenzake.

Ndani ya barua hizo za 1975 na 1976 kuna kifungu chetu. Kinasema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa kujikimu wataruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa bahari ya taifa, kwa kufuata kanuni zilizopo. Kinasema tena kwamba nchi hizi zitatambuliana leseni, kanuni na desturi za uvuvi za wavuvi hao. Hatukukitunga sisi, wala hatukuulizwa, lakini aliyekiandika tunamshukuru, maana alikuwa akiijua bahari hii.

Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, na wakati wa upepo wa kusi, ukibanwa kati ya Pemba na bara, huongeza mbio: noti mbili, tatu (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, likichanganya hufika hata nne. Jarife la kuachwa lielee halitiwi nanga. Hutupwa jioni, chombo hufungwa kwenye ncha yake moja, na vyote viwili huenda na maji mpaka alfajiri. Kwa noti mbili, saa sita ni maili 12. Kwa hiyo nahodha wa Vanga anayetaka kupambazukiwa karibu na kwao hana budi kuanza kutupa upande wa kusini wa mstari. Na Mpemba aliyetupa kwao, mbele ya Kigomasha, ataamkia kwetu hata kama usiku kucha hakugusa mashine. Maili 12 kwenye barua, maili 12 kwenye maji. Tunavyoona sisi, hiyo si bahati. Wakati wa kaskazi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu upepo unasukuma chombo kusini magharibi na maji bado yanavuta wavu kaskazini. Mashine ikizimika hapo, iwe ni petroli iliyoingia maji au plagi iliyolowa, tanga lenyewe linakupeleka kwa jirani.

Sasa doria inapofika, kinachoandikwa ni mahali chombo kilipokutwa. Mahali wavu ulipotupwa hapaulizwi. Na mara nyingine hata hapo pa kukutwa hapaandikwi papo hapo: chombo huvutwa kwanza, fomu ikajazwa gatini, na namba inayotiwa ni ya kukisia.

Hizo namba nazo zina mambo yake, Mheshimiwa, na tunaomba mmoja wa wataalamu wako akusomee aya hii polepole. Barua za zamani zimetumia nyuzi, dakika na sekunde. GPS nyingi za mkononi huonyesha nyuzi na dakika zenye desimali, na simu huonyesha nyuzi zenye desimali. Mstari wa 4°40'52" ni 4°40.867' kwenye GPS hiyo, na ni 4.6811 kwenye simu. Anayeingiza 4°40.52' amekosea kwa mita 640 hivi, na mita 640 usiku ni nchi nyingine. Anayeingiza 4.4052, na wapo, kwa sababu ndivyo namba zinavyomjia mtu machoni, ameuhamisha mpaka maili 16 na nusu kaskazini ya mahali pake. Huyo akiwa ni wa doria ya upande wa pili, atamkamata mtu aliye Kenya kabisa na atakuwa na namba ya kumwonyesha hakimu. Akiwa ni nahodha wa Kipemba, atajiona yuko kwao huku amekwishapita mstari zamani.

Halafu barua zile ni za kabla ya setilaiti za GPS. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilizopimwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960 hutofautiana na WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS, kwa mita 300 hivi, kaskazini kwa kusini. Namba za A, B na C zisomwe kwa msingi upi? Hilo ni swali la mpimaji, la asubuhi moja. Halihitaji mkutano wa marais.

Neno jingine ni hilo la “kujikimu”. Ngalawa ya watu wawili wenye mishipi na malema machache, hiyo ni kujikimu, hakuna anayebisha. Chombo cha ringi neti, wavu wa kuzungushia kundi la samaki, chenye watu thelathini na shehena ya barafu, hicho si cha kujikimu, tunasema wenyewe hata kama kuna wenzetu watakaotununia. Katikati ya hapo ndipo watu wanapofungwa: boti ya faiba ya mita saba, mashine ya nguvu za farasi 15, watu wanne, jarife. Samaki wanauza, ndiyo. Hatujaona kituo cha petroli kinachopokea samaki changu. Je, hao wamo ama hawamo? Wakaguzi wa pande zote mbili huamua kila mmoja kivyake, na huamua tofauti asubuhi na jioni.

Leseni ndiyo kichekesho. Barua ziliandikwa kabla ya kaunti kuwepo. Tangu katiba ya 2010 kaunti nazo zina mkono katika uvuvi. Upande wa pili, mambo ya nje ni ya Muungano lakini uvuvi si wa Muungano: bara wana sheria yao ya 2003, Zanzibar wana yao. Nahodha akitoka Vanga akapita mbele ya Moa, pwani ya Tanga, yuko kwenye maji yanayosimamiwa na bara. Akisogea kuelekea kisiwa cha Fundo, Pemba, ameingia kwa Zanzibar. Leseni yake ni moja, wakaguzi ni wawili, na barua ya 1976 wote huiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa mshtakiwa, kama mshtakiwa anayo. Leseni ikishaonekana ni halali, shtaka hugeuzwa: ameingia nchini bila hati. Ina maana baharia wa mtumbwi atembee na pasipoti kwenye mfuko wa kaptura iliyolowa.

Kuna wanaotutia moyo kwa Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kinataka chombo na mabaharia waachiliwe upesi kwa dhamana ya kiasi, na kinakataza kifungo kwa kosa la uvuvi pasipo makubaliano ya nchi husika. Kizuri sana. Ila ni cha ukanda wa kiuchumi, nje ya maili 12 za taifa, na mkondo wa Pemba tunamovua umo ndani. Huko ndani jirani ana sheria yake na jela yake, kama sisi tulivyo na zetu kwa watu wake, na ngao ya mvuvi ni hicho kifungu cha 1976 peke yake. Ndiyo maana tunakishikilia hivi. Ndiyo maana neno “mzozo” kutoka kinywani mwa mtu wa ofisi linatuuma kuliko bakora: mpaka ukiitwa wa mzozo, kifungu nacho kinawekwa kabatini kungoja usuluhishi wa ugomvi usiokuwepo.

Na usidhani chombo kikirudi ndiyo yamekwisha. Chombo cha mbao kikipandishwa mchangani kikakaa juani mwezi mmoja, mbao hukauka na kuachana, pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao hutoka, misumari hulegea. Kikirudishwa kwa amri ya mahakama, hakielei. Utakishindilia kalafati upya kutoka mkukuni hadi juu kabla hakijagusa maji. Mashine iliyoingia maji ya chumvi isipooshwa kwa maji baridi siku hiyohiyo, pistoni hushika. Jarife likikunjwa bichi na kutupwa stoo na harufu yake, panya hawalii njaa. Sheria imeshinda, mvuvi ameshinda kesi, na hana cha kuvulia.

Uliwahi kuja kwetu, Mheshimiwa. Ulikaa chini ya hema, ukala mahamri na mbaazi, ukatuambia jambo hili ni la siku 90. Sisi siku 90 tunazihesabu kwa bamvua, nazo ni bamvua sita. Tulizihesabu. Zilipofika ishirini tukaacha, kwa heshima yako.

Tulipokuja na orodha ya maombi tuliambiwa ni mengi. Basi tumeyapunguza. Hatuombi boti ya doria, hatuombi soko, hatuombi kikao cha ujirani mwema chenye fulana na kofia. Tunaomba karatasi moja, ya Kiswahili, yenye saini yako na ya mwenzako wa upande wa pili. Iwe na nukta A, B na C na latitudo ya mwisho, kila moja kwa namna zote tatu za kuandika, na msingi wa ramani utajwe. Iwe na kifungu cha maili 12 neno kwa neno. Iseme chombo cha kujikimu ni cha urefu gani, mashine ya nguvu kiasi gani, watu wangapi, nyavu zipi. Iseme kwamba doria ikikamata, nukta iandikwe palepale majini, kwa saa na dakika, nahodha aione na atie dole. Ukurasa mmoja unatosha; ukizidi, tumieni na nyuma.

Na kama kifungu kimefutwa, tuambie kimefutwa tarehe gani na kwa barua ipi. Tutasikitika, lakini tutajua pa kugeuzia chombo. Sasa hivi tunaambiwa kipo tukiwa ukumbini na hakipo tukiwa majini.

Kusi inakaribia. Watu wataanza kutupa upande wa kusini kama walivyotupa babu zao, kwa sababu maji hayaendi kwingine. Tunaomba karatasi hiyo itangulie. Karatasi moja, Mheshimiwa. Na ikiwezekana itiwe plastiki, maana itakaa chomboni.

Wako watiifu, mpaka sasa,

Wavuvi wa pwani ya kusini

Nakala: Mheshimiwa mwenzako wa upande wa pili, ambaye wavuvi wake wanatuambia nao pia wanangoja.