Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Udhibiti wa Dawa: lile tangazo la BPC-157 liko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima zote, na kwa subira iliyobaki. Hii ni barua yetu ya tatu. Ya kwanza ulijibu kwamba tangazo la kuwaonya watu kuhusu BPC-157, sindano inayouzwa kama tiba ya kano, lingetoka ndani ya siku 30. Ya pili hukujibu. Jumatatu hii kichupa chake kingine kimeonekana kaunta ya jimu moja mjini Eldoret, kando ya soksi na maji ya kunywa. Lebo inasema ni cha utafiti, si cha binadamu. Bei imebandikwa juu ya maneno hayo.

Tukukumbushe, huenda faili limepotea. BPC-157 ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi, nayo ina amino asidi 15. Sifa zake za kuponya kano na ligamenti zimetoka zaidi kwa panya, majaribio mengi yakiwa ya kundi moja la Zagreb, Kroatia. Panya aliyekatwa kano ya kisigino si mkimbiaji wa kilomita 42. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliipiga marufuku mwaka 2022, na mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa onyo juu yake kwa maduka yanayochanganya dawa. Mwanariadha akikutwa nayo, kusema "ilikuwa ya goti" hakumsaidii.

Balaa lenyewe limo kichupani. Muuzaji huonyesha cheti cha usafi wa asilimia 99. Kipimo hicho huitenganisha peptidi hasa na peptidi nyingine. Hakigusi endotoksini, yaani mabaki ya bakteria yanayopita hata kwenye chujio la mikroni 0.22. Mtu akipata homa na uvimbe baada ya sindano, huambiwa dawa inafanya kazi!

Halafu hesabu. Unga wa kichupani ni mg 5. Ukitiwa maji ml 2, mstari wa 10 wa sindano ya insulini ya yuniti 100 hubeba mikrogramu 250. Ukitiwa ml 1, mstari uleule hubeba 500. Hatusemi kipi ni sahihi. Kipimo cha binadamu hakijathibitishwa. Tunachosema ni kwamba hakuna karatasi ya maelekezo, watu husoma yuniti wakidhani ni mikrogramu, na kichupa kimoja hudungwa na watu watatu.

Kano sugu ya kisigino ina tiba inayojulikana: kushusha kisigino taratibu ukingoni mwa ngazi, mara 15 kwa mizunguko 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Haiuzwi kwa kichupa. Labda ndiyo maana haina bango.

Mwanzoni tuliomba ukaguzi, upimaji wa sampuli na daftari la madhara. Sasa tunaomba tangazo tu, Mheshimiwa. Ukurasa mmoja, kwenye milango ya jimu na maduka ya dawa. Tumeshauandika na kuuambatanisha hapa. Umebaki muhuri wako.

Wako katika huduma,
Wafamasia na wataalamu wa fiziotherapia